Mwanya wa Vidole Viwili

Siku niliyoshuka kwenye paa kwa mara ya mwisho, magoti yangu yalifurahi kuliko mtu yeyote. Mafundi wenzangu wa atelie, karakana yetu ya Kitshanga, walinifanyia sherehe ndogo ya viazi, jibini na maneno mengi. Mwishoni Riziki, mwanafunzi wangu wa mwisho, mama wa watoto wawili ambaye mkono wake wa msumeno haukosei, akanipa daftari la shule.

“Papa Anselme, andika,” akasema. “Weye uko nakumbuka mingi. Sisi tuko nasahau ata ya jana.”

Basi naandika. Kuhusu vyeo hamtapata kitu humu. Fundi wa paa anapanda asubuhi, anashuka jioni, na kesho anaanza tena chini. Nitaandika kuhusu mwanya, ule wa vidole viwili tunaouacha chini ya upenu, pale paa linapovuka ukuta na kutokeza nje, ili upepo uingie juu ya plafo, yaani dari, na kutokea upande wa pili. Nimeacha mianya hiyo toka Karuba hadi Pinga, na sijakutana na mwenye nyumba hata mmoja aliyenishukuru siku ya kwanza. Wote waliuliza kitu kimoja: “Fundi, hapa umesahau kufunga?”

Naandika pia kwa sababu sina usingizi mzuri. Paa la kwanza la Riziki, lile la Mwalimu Faustin kule Pinga, liko katika msimu wake wa kwanza wa mvua, na msumari wa mwisho niliupiga mimi. Mafundi mnajua maana yake. Wengine wataijua mbele kidogo.

Nilianza kazi nikiwa mtu mzima, na mke, na shamba la viazi ambalo lilinishinda kabisa. Papa Zakaria wa Mushaki ndiye aliyenipokea. Alikuwa mzee mwembamba, mpole wa sauti, mkali wa macho, na koti lake la sufu hakulivua mvua wala jua. Mkono wake wa kushoto ulikaa mfukoni daima, ukichezea kitu. Sisi wanafunzi tulidhani ni rozari. Tulipomwona anaangalia ubao uliochanwa vibaya huku mkono unazunguka mfukoni, tulinong'onezana kwamba mzee anawaombea walioupasua.

Siku ya kwanza nilifika na nyundo mpya, nimeipaka mafuta mpini wake. Aliiangalia, akaiweka chini ya meza, akanipeleka kwenye nyumba ya zamani aliyoijenga mwenyewe. Akaegemeza ngazi kwenye tundu la plafo.

“Panda kule juu, ukae,” akasema. “Usigonge kitu. Kisha utaniambia uko nasikia nini.”

Nikakaa juu ya mbao, gizani, kichwa karibu na manjanja, ndivyo tunavyoita mabati kwetu. Nilijiona mjinga. Nimeacha shamba, nimemwahidi mke wangu ufundi, na sasa nimekalishwa juu ya plafo pamoja na buibui. Baada ya muda akaniita kutoka chini.

“Uko nasikia nini?”

“Upepo, Papa. Iko nanipita kwa magoti.”

“Inatoka wapi, inaenda wapi?”

“Inatoka huku kwa barabara, inaenda kule kwa shamba.”

“Mikono yako iko na maji?”

“Hapana. Mbao ni kavu sana.”

“Shuka.”

Mchana akanipeleka kwenye nyumba nyingine, ya mtu aliyeziba kingo zote za paa kwa udongo ili asisikie baridi. Huko juu nilitoa jasho kama mgonjwa wa malaria, mbao zilinuka uyoga, na kila niliposhika boriti vidole vilirudi vimelowa. Niliposhuka hakuniuliza kitu. Alinipa nyundo yangu akasema kesho nije mapema.

Sababu yenyewe ni rahisi, na nimeieleza mara nyingi hadi mke wangu anaweza kuieleza akiwa anamenya viazi. Watu wanapumua, sufuria zinachemka, nguo zinakauka ndani. Ule unyevu wa moto unapanda juu. Usiku wa kwetu Masisi manjanja yanakuwa baridi sana, na unyevu ukiyagusa unageuka maji, unadondoka juu ya plafo. Mwenye nyumba anaamka na kusema paa linavuja. Haliwezi kuvuja wakati hakuna mvua, lakini mtu aliyelowa kichwa hapendi kusikia hivyo.

Papa Zakaria hakuwa na rula ya kupimia mwanya. Alitumia vidole vyake viwili, cha shahada na cha kati, na vilikuwa vinene ajabu. Vyangu ni vyembamba. Kwa hiyo mianya yangu ya mwanzo ilikuwa midogo, naye aliikagua kwa kuingiza vidole vyake, visipopita nilibomoa. Mwishoni nilichonga kijiti cha upana wa vidole vyake nikakifunga kwa kamba kwenye mkanda. Alikiona, akacheka kwa mara ya kwanza mbele yangu.

Sasa nieleze huo msumari wa mwisho. Kwa mafundi wa upande wetu, mwanafunzi akijenga paa lake la kwanza peke yake, bwana wake anakuja siku ya kumaliza, anapanda, anapiga msumari mmoja tu, wa mwisho, karibu na kilele. Hapo anakuwa ameweka jina lake. Msimu wa kwanza wa mvua ukipita bila tatizo, mwanafunzi ni fundi. Paa likivuja, bwana anarudi na arashklu, kile chuma cha kung'olea misumari, anaung'oa ule wake mbele ya mwenye nyumba na majirani, na mwanafunzi anarudi kubeba mbao miaka miwili mingine. Hakuna hotuba. Sauti ya msumari ukitoka kwenye ubao inatosha.

Paa langu la kwanza lilikuwa la Mama Espérance wa Karuba. Familia yake walifuga ng'ombe, na yeye alikuwa ameamua kutengeneza jibini badala ya kuuza maziwa peke yake. Nilimjengea nyumba ya chumba kimoja kirefu, na ndani tukapanga rafu za mbao za kulaza jibini lake. Papa Zakaria alikuja, akaingiza vidole chini ya upenu pande zote mbili, akapiga msumari wake, akanywa maziwa yake, akaondoka zake Mushaki.

Kesho yake Mama Espérance aliniita. Nyuma yake alisimama Koko, mama mkwe wake, bibi mdogo wa mwili aliyejifunga blanketi mbili.

“Fundi,” akasema Mama Espérance, “nyumba ni muzuri. Lakini hapa juu umeacha wazi.”

“Ni ya upepo, Mama.”

“Upepo!” Koko akasema. “Nyumba ya maziwa haitakiwe ipitwe na upepo. Kwetu, toka zamani, tunaziba. Maziwa iko kama mutoto muchanga.”

Ningeweza kueleza. Nilikuwa nimefundishwa. Lakini nilikuwa fundi wa siku moja, na mtu alikuwa ananiita fundi, na maziwa yao yalikuwa mazuri. Nikachukua mbao za sipre, nikazipiga randa zikalainika, nikafunga ule mwanya pande zote. Kazi safi. Sindano isingepita. Koko alinibariki kwa jina langu kamili, nami nikarudi nyumbani kwa furaha. Papa Zakaria sikumwambia.

Mvua zilianza. Habari ya kwanza ilifika kupitia mwanamke wa sokoni: fromaji, yaani jibini, ya Mama Espérance inalowa. Nikaenda na debe la lami, nikapaka kila kichwa cha msumari. Juma lililofuata ikalowa tena, nikapaka tena. Mara ya tatu paa lilikuwa jeusi kama sufuria, na jibini lilikuwa limeota madoa ya kijani. Mume wake alikuwa ameanza kusema kwamba chumba kile kingefaa ndama. Mama Espérance hakunitukana. Aliniangalia tu, na hilo lilikuwa baya zaidi. Jioni ileile akatuma mtu Mushaki.

Papa Zakaria alifika kwa miguu siku ya tatu, kabla ya saa sita, na arashklu begani. Majirani walishajua, wakasogea kwenye uzio mmoja mmoja, kila mtu akijifanya anapita. Mzee alisimama uani, akatazama upenu wa kushoto, kisha wa kulia. Aliona mbao zangu za sipre. Mkono wake ukaingia mfukoni na kuzunguka kwa muda mrefu.

“Panda, ukae,” akaniambia.

Nikapanda kwenye tundu la plafo. Kule ndani kulikuwa na joto zito lenye harufu ya maziwa yaliyochacha.

“Uko nasikia nini?”

Tone moja likaniangukia shingoni, likateremka mgongoni taratibu.

“Sisikie kitu, Papa.”

“Upepo?”

“Haiko.” Kisha nikaona siwezi kukaa humo hadi uzeeni. “Nilifunga, Papa. Kesho yake, weye ulishaenda. Nilifunga miye mwenyewe, na sikukuambia.”

Nikasikia Mama Espérance akisema haraka, “Njo miye nilimuomba, Papa.” Na Koko naye, bila aibu: “Na miye nilimulazimisha. Kwetu tunaziba.”

Niliposhuka, mzee alikuwa ameketi kwenye kigogo, arashklu magotini. Niliona aibu kiasi kwamba niliangalia kuku.

“Paa haiko navuja,” akawaambia wote. “Nyumba iko napumua, na muliifunga mudomo. Ile maji ni pumzi ya fromaji. Tufungue. Kesho asubuhi nikiona tone moja, moja tu, nang'oa musumari yangu.”

Koko hakukubali. Alisema baridi itaua jibini. Papa Zakaria akamshika mkono kwa heshima, akamwonyesha plafo. “Mama, hii ya chini inabaki imefungwa. Joto yako inabaki huku, na maziwa yako. Upepo unapita kule juu tu, katikati ya plafo na manjanja. Hautakugusa.”

“Na panya?”

“Fundi ataweka grilaji.”

Aliniita fundi. Sijui kama aliteleza au alikusudia, lakini nilipanda ngazi ile mbiombio. Nikabomoa mbao zangu nzuri, nikafunga wavu wa chuma kwenye mwanya, kisha mimi na Mama Espérance tukapangusa manjanja kwa ndani kwa matambara hadi giza lilipokaribia. Upepo wa jioni wa Karuba ukaingia kwa juu, na mbao zikaanza kulia kidogo zikikauka. Mama Espérance akatandika shuka nyeupe juu ya rafu zote, akafunga mlango.

Asubuhi ukungu ulikuwa mzito, hatukuona hata zizi. Baridi ile ndiyo hasa inayotoa maji kwenye manjanja. Mama Espérance akafungua mlango, sisi nyuma yake. Rafu ya kwanza, shuka nyeupe, kavu. Ya pili, kavu. Ya tatu, kavu. Nikaanza kupumua. Kwenye rafu ya nne, katikati kabisa, palikuwa na doa la ukubwa wa jicho la ng'ombe.

Papa Zakaria alichukua arashklu kutoka ukutani. Nilihisi machozi, na siwafichi. Mzee akainama juu ya doa, akaligusa kwa kidole, akakinusa. Halafu akakiweka mdomoni.

“Maji ya manjanja haiko na sukari,” akasema.

Tukageuka wote. Koko alikuwa mlangoni ndani ya blanketi zake mbili, ameshika kikombe cha chai ya maziwa.

“Nilikuya kuangalia wa kwanza,” akasema. “Mulifikiri nitangoja weye? Mukono unatetemeka, nifanye nini?”

Mama Espérance alicheka hadi akakaa chini. Mume wake alicheka, majirani kwenye uzio wakacheka bila kujua sababu, na Papa Zakaria akacheka kwa mara ya pili katika maisha yangu. Msumari ukabaki mahali pake. Chumba hakikuwa cha ndama. Jibini lile lililonusurika tulilila palepale na viazi vya moto, na Koko alikata vipande akinipa mimi kikubwa.

Tuliporudi Mushaki, kwenye mteremko mzee alisimama kupumzisha miguu. Akatoa kile kitu mfukoni. Haikuwa rozari. Ulikuwa msumari mrefu, umepinda karibu kuwa duara, umelainika kwa kushikwa.

“Hii ni ya paa yangu ya kwanza,” akasema. “Bwana yangu aliing'oa mbele ya batu yote. Nilifunga upenu, kama weye. Nilikataa nilifunga. Nilisema ni manjanja mubaya. Alinikalisha miaka mbili.” Akaurudisha mfukoni. “Weye ulisema. Ulichelewa, lakini ulisema.”

Miaka iliyofuata siielezi yote. Tulijenga, tukahama, tukarudi, tukajenga tena. Mara nyingine tulikuta ukuta bila paa, mara nyingine tulibeba manjanja kichwani na kuyapiga misumari mahali pengine, tukiyageuza ili matundu ya zamani yasikae juu ya kitanda cha mtu. Kule Walikale nilijifunza kwamba mwanya uleule unaofukuza maji Masisi unafukuza joto msituni, na kwamba nyuki wanaupenda kuliko sisi. Nyumba ya Mama Espérance ilibadilishwa manjanja, lakini sharpanti yake, kiunzi cha mbao kinachobeba paa, ni ileile. Niliigonga kwa kifundo cha kidole mwaka huu, ikajibu vizuri. Papa Zakaria alipokuwa kitandani mara ya mwisho, alinipa arashklu na ule msumari. Nami nikaanza kutia mkono wa kushoto mfukoni. Najua mlinong'onezana.

Nilikuwa nimefika hapa kwenye daftari simu ilipolia. Riziki, kutoka Pinga.

“Papa, paa ya Mwalimu iko natoa maji. Ukuye na arashklu.”

Alikata kabla sijauliza. Nilifunga chuma nyuma ya pikipiki ya kukodi, nikaenda. Njia ya Pinga mnaijua. Tope lilinifika kiunoni mara mbili, na dereva alinihurumia akaniita mzee kila alipoisukuma. Muda wote niliwaza sauti ile ya msumari ukitoka kwenye ubao. Katika miaka yangu yote sijaung'oa hata mmoja, na sikutaka kuanzia kwa Riziki, ambaye alijifunza kazi akiwa na mtoto mgongoni na kuchekwa na nusu ya mji.

Nilimkuta uani chini ya ngazi, nywele zimejaa vumbi la plafo, uso umevimba upande mmoja. Mwalimu Faustin alisimama pembeni na ndoo. Nikafungua mdomo nimwambie apande, akae.

“Nilishakaa, Papa,” akasema. “Toka asubuhi. Sikusikia upepo. Njo nikatafuta kwa upenu, nikakuta shitingi ya plastiki.”

“Ni miye niliziba,” Mwalimu akasema. “Nyuki zilikuwa nyingi mu plafo. Mutoto aliumwa.”

“Lakini kosa ni yangu,” Riziki akamkatiza. “Grilaji niliweka ya matundu makubwa. Nilijua ni kubwa. Nilikuwa nataka kumaliza mbio. Nyuki zikapita, Mwalimu akaziba, maji ikakuya. Nimetoa shitingi, nimeweka grilaji ya matundu kidogo. Manjanja nimepangusa. Sasa ung'oe ao uache, ni weye.”

Alisema yote hayo kwa pumzi moja, jicho moja limefungwa na nyuki, mbele ya mwenye nyumba na majirani wake. Mimi ilinichukua nusu msimu, madebe matatu ya lami na tone shingoni.

Nilipanda. Magoti yalilalamika, nikayaambia ni mara hii tu. Nikakaa juu ya plafo, gizani, kama siku yangu ya kwanza, na upepo ukanipita kwenye magoti yaleyale, kutoka upande wa barabara kwenda upande wa shamba. Nikangoja kidogo, si kwa sababu ya paa. Nilimkumbuka mzee, nikalia kidogo, nikashuka.

Msumari wangu sikuung'oa; arashklu nilimkabidhi Riziki, kwa sababu sasa yeye ndiye atakayepiga misumari ya mwisho ya wengine. Kisha nikatoa ule msumari uliopinda mfukoni nikamwekea kiganjani. Aliugeuza, akaupima kwa kidole gumba kama fundi yeyote.

“Hii imepinda sana, Papa. Haiwezi kushika ata ubao moja.”

“Njo vile,” nikamwambia. “Hii ni ya weye kushika.”